Deni la Dodoso

Sisi wa Kagera tumeulizwa sana. Tumeulizwa tumekata mikungu mingapi msimu huu, nani amefariki ndani ya nyumba na aliugua kwa muda gani, tuna shuka ngapi, kuku wangapi, tumekopa kwa nani na nani tunamdai. Miaka hii maswali yametoka jikoni yameingia moyoni. Je, unakubali msichana aliyejifungua arudi darasani, kama serikali ilivyoruhusu Novemba 2021? Je, mkuu wa shule awashirikishe walimu kabla ya kuamua? Je, mwanamke anafaa kuongoza mtaa? Wanaouliza ni vijana wa vyuo vikuu, wengi wao watoto wetu wenyewe, na kata yetu ya Buhembe wanaipenda kwa sababu iliyo wazi. Ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nauli ya bodaboda haiumi, lakini migomba bado imesimama katikati ya nyumba za bati. Tasnifu ikifanyiwa hapa inaweza kuitwa ya mjini au ya vijijini, kadiri msimamizi atakavyo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na Kihaya changu ni cha kulelewa na bibi. Ndiyo maana vijana hao huniomba niwasindikize kwa wazee. Nakubali, kwa sababu napenda kusikiliza watu wakijibu. Kabla hatujafika, barua ya mtafiti imekwisha kuzunguka: chuoni, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa mkurugenzi wa manispaa, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa mtaa, na mwisho kwa mwenyekiti, ambaye naye hugonga muhuri wake asije akaonekana mdogo. Inapofunuliwa sebuleni ina mihuri mingi kuliko hati ya kiwanja. Mzee huitazama, haisomi, na anaelewa kila kitu: huyu katumwa na serikali. Kuanzia hapo majibu yote huvaa suti.

Madodoso ya kupima mitazamo karibu yote yana ngazi tano: sikubali kabisa, sikubali, sina uhakika, nakubali, nakubali sana. Aliyezianzisha ni Mmarekani, Rensis Likert, mwaka 1932, na dunia nzima imezitumia tangu hapo kupima kila kitu, kuanzia ubaguzi wa rangi hadi ubora wa sabuni. Hakuzibuni akiwa ameketi sebuleni kwa Mhaya. Huku mgeni hupewa kwanza akamwani, kahawa iliyochemshwa ya kutafuna, anaulizwa habari za kwao mpaka ukoo ufahamike, na katika mazungumzo ya namna hiyo "sikubali kabisa" haina pa kukaa. Kumkatalia mgeni karatasi aliyoibeba kutoka mbali ni kukosa malezi. Nilimsikia bibi mmoja, jirani yangu, akijibu "nakubali sana, waitu" kwa sentensi mbili zinazopingana waziwazi: kwamba viongozi wa shule wawasikilize wazazi, na kwamba wazazi waache kuingilia mambo ya shule. Binti aliyekuwa akiuliza alitia alama ya vema kwenye zote mbili. Chuoni zitageuzwa tarakimu, zitajumlishwa, zitagawanywa, na bibi wa watu atabaki kuwa desimali.

Usiku ule binti akagundua kwamba ameruka ukurasa. Akarudi kesho yake, safari hii bila barua, mkononi ana kilo ya sukari. Bibi akamweleza mambo mengine kabisa. Kwamba mjukuu wake wa darasa la nne hawezi kusoma hata karatasi ya mwaliko wa harusi. Kwamba alikwenda shuleni kusema, akaambiwa asubiri kikao cha wazazi. Kwamba kikao kilipoitwa, kumbe ni cha michango. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na ngazi tano. Ndipo nikaanza kuamini jambo moja kuhusu utafiti, ambalo baadaye nimeliona ni hilohilo kuhusu uongozi na kuhusu ualimu: swali la kwanza watu hulipokea kama salamu. Anayepewa jibu ni yule aliyerudi.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ninaoufahamu umetoka hapa hapa mkoani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera, na kabla muongo ule haujaisha misiba ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakataka kujua mtu mzima anapokufa kaya yake inafanywa nini na kifo hicho. Kati ya 1991 na 1994 wadadisi wao walizitembelea kaya 915 katika vijiji na mitaa takribani 50, nyingine hadi mara nne, kila baada ya miezi kadhaa. Hapo utafiti mwingi ungeishia. Ripoti ingeandikwa, semina ingefanyika hotelini, mafaili yangefungwa kamba.

Huu haukuishia hapo. Mwaka 2004 watafiti walirudi, na hawakurudi kuuliza yeyote waliyemkuta barazani. Walimtaka mtu yuleyule. Mtoto aliyeandikwa akiwa na miaka minane alitakiwa apatikane akiwa na miaka ishirini na kitu, awe Biharamulo, awe kwenye mashua ziwani au ameolewa Mwanza. Kazi hiyo ilifanywa na EDI, taasisi ya utafiti iliyokuwa na makao yake Bukoba mjini, kwa njia ambayo mpelelezi yeyote wa kijiji angeitambua: muulize shangazi, muulize rafiki aliyesoma naye, muulize mwenye duka anayemkopesha mama yake. Kaya 915 zilikuwa zimemeguka na kuwa zaidi ya 2,700. Watu wa asilimia 93 ya kaya zile za mwanzo walipatikana, wengine ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mwaka 2010 wakatafutwa tena. Wasomi wa uchumi huusifu utafiti huu kwa hesabu zake. Mimi hustaajabia miguu yake.

Na miguu ile ilifika mahali ambapo swali la mara moja halifiki. Mwanafunzi aliyefiwa na mama mwaka 1992 angeulizwa mwaka huohuo anaendeleaje, jibu lingekuwa: anaendelea vizuri, yuko kwa mama yake mdogo. Waliorudi walimkuta mtu mzima. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliochambua takwimu hizo, waliona kwamba waliopoteza mama wakiwa wadogo walikuwa, kwa wastani, wamesoma mwaka mmoja pungufu ya wenzao, na kimo chao kilikuwa kimepungua kwa karibu sentimita 2. Walishalelewa, walishakua, walishaoa na kuolewa, na pengo lile halikuwa limezibika. Naufikiria sana mwaka huo mmoja. Kwenye daftari la mahudhurio tuna namna ya kuonyesha kwamba mtoto ni yatima, na tukishaonyesha tunaona tumemaliza. Sijawahi kuona shule yenye utaratibu wa kumfungua tena mtoto yule kwenye daftari baada ya miaka mitatu na kuuliza: sasa?

Jambo la pili walilolikuta lilitugusa penye kiburi chetu. Buhaya tumejengwa na imani kwamba elimu ni mlango wa kutokea. Kahawa ililipa ada kabla serikali haijajua ada ni nini. Wazee wetu walikuwa na chama chao cha ushirika, BNCU, tangu 1950, na fedha nyingi za kahawa ile ziliishia kwenye masanduku ya bati ya watoto waendao bweni. Tukampata Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuwa kardinali, 1960. Tukampata Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, 1977. Nchi nzima inatutania kwa jina la nshomile, yaani "nimesoma", nasi tunajifanya tumekasirika. Katika simulizi zetu aliyesoma ni aliyeondoka. Aliyebaki anasimuliwa kwa sauti ya chini.

Mara ya kwanza takwimu zilionekana kutuunga mkono. Ukiwachukua watu waliokuwa kaya moja mwaka 1991, yule aliyehama, kufikia 2004 matumizi yake yalikuwa yamekua kwa alama 36 za asilimia zaidi ya yule aliyebaki nyumbani. Ndugu wa nyumba moja, waliokula sufuria moja! Nilipousoma mstari huo nilimkumbuka baba yangu, ambaye angeukata na kuubandika ukutani. Lakini takwimu zilezile zikasomwa upya, na mwaka 2013 Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo wakauliza swali jingine: hao waliotoka kwenye umaskini, walitokea mlango gani? Waliotoka kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa takribani mmoja kati ya saba. Nusu hivi walitoka kwa kuacha kilimo na kushika shughuli nyingine vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Yaani miji kama Muleba, Kayanga, Bukoba. Yaani, naomba niseme, mahali kama Buhembe.

Sikuyatarajia. Wengi wetu tuliishi tukiamini kwamba mji mdogo ni kituo cha kusubiria basi la Dar es Salaam. Mwaka 2018 kundi jingine la watafiti, wakiwemo De Weerdt wa Chuo Kikuu cha Antwerp na Ravi Kanbur wa Cornell, walichapisha walichosimuliwa na wahamaji wenyewe kutoka Kagera, maisha yao kwa marefu, bila ngazi tano. Maelezo yao, kwa maneno yangu: mji wa karibu unajaribika. Nauli unaweza kuipata, kuna mtu wa kukupokea, na ukikwama unarudi kwenye kibanja, shamba la nyumbani, kula ndizi, halafu unajaribu tena. Jiji kubwa linampa zaidi anayelifikia, lakini wanaolifikia ni wachache. Kwa mwalimu, matokeo haya ni mazito. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha nne nikiwataja waliofaulu kwenda mbali, na simtaji hata siku moja yule aliyefungua karakana ya kuchomelea hapa mjini, Rwamishenye, na kuajiri vijana wawili. Hakuna aliyenikataza. Ni mtazamo tu, tena wa aina ambayo hakuna dodoso lililowahi kuniuliza.

Halafu kuna suala la fedha za nyumbani. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu hakuna wiki inayopita bila mchango: matibabu, mazishi, ada, paa lililoezuliwa na upepo. Waliopo mbali hulalamika kwamba nyumbani panawamaliza. Waliopo nyumbani hulalamika kwamba waliopo mbali wamebadilika. Mwaka 2016 De Weerdt na Kalle Hirvonen walitoa jibu ambalo lingepaswa kusomwa kwenye kila kikao cha ukoo. Walipofuatilia nani anatikisika nani akipatwa na janga, waliona kwamba wahamaji ndio wanaowakinga walioko nyumbani, na mkono huo hauna marudio: walioko nyumbani hawawakingi wahamaji. Gharama yake kwa mhamaji ni kati ya asilimia 3 na 7 ya ongezeko kubwa la matumizi alilolipata kwa kuhama. Yaani nyumbani hapammalizi mtu. Na anayetuma hatumi kwa kutarajia kurudishiwa. Anatuma kwa sababu ndivyo mtu anavyopaswa kufanya. Vitabu vya uchumi vilitabiri nipe nikupe, na wahamaji wa Kagera hawakuvitii.

Sitaki kuwapamba sana, ndugu zangu hawa. Kuna kijiji kimoja cha Bukoba Vijijini, Nyakatoke, ambacho kimejulikana katika vyuo vikuu vya dunia kuliko kinavyojulikana Muleba. Mwaka 2000 De Weerdt aliwahoji watu wazima wa kaya zote 119, akiwarudia tena na tena mwaka ule, akimwuliza kila mtu nani humsaidia na yeye humsaidia nani. Kwa kuwa waliulizwa wote, majibu ya pande mbili yangeweza kulinganishwa. Hayakulingana. Huyu anasema nilimpa, yule hakumbuki kupewa. Na kinyume chake pia, mtu anataja msaada ambao aliyeutoa hakuutaja. Margherita Comola na Marcel Fafchamps walipolichunguza pengo hilo baadaye, walionyesha kwamba ukichukua majibu kama yalivyo utapunja sana jumla ya misaada inayopita kati ya wanakijiji. Msaada uliopo ni mwingi kuliko unaosemwa. Jambo hilo lilinipa furaha ya ajabu. Tunajisikia tukilalamika kila siku kwamba upendo umekwisha, na kumbe hata tukihesabiwa tunaficha ule uliobaki.

Nimekuwa nikisema utafiti, lakini akili yangu iko kwenye uongozi. Ukipita kwenye rafu za tasnifu za vyuo vyetu, Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria, Mtakatifu Augustino, utakuta nyingi juu ya mitindo ya uongozi ya wakuu wa shule na jinsi inavyohusiana na ufaulu. Karibu zote huhitimisha kwamba uongozi shirikishi ni bora. Sina ugomvi na hitimisho hilo. Nina wasiwasi na njia. Nimeona madodoso ya namna hiyo yakikabidhiwa ofisini kwa mkuu, mkuu akayagawa chumba cha walimu, na jioni akayakusanya mwenyewe, akiyahesabu yasipungue. Swali la tano linauliza kama mkuu wako ni dikteta. Jibu lake unalijua.

Kuna utafiti mmoja wa elimu ambao mimi husoma ndani yake jambo la uongozi, ingawa waandishi wake waliuandika kama wa fedha. Mwaka 2013 na 2014 Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao, wakishirikiana na shirika la Twaweza, walizigawa kwa bahati nasibu shule za msingi 350 katika wilaya 10 za Tanzania. Baadhi zilipewa ruzuku ya ziada, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu wa madarasa matatu ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio yatakayoletwa na watu wa nje. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na lililobaki halikupata chochote. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imesogeza ujifunzaji hata kidogo. Bonasi peke yake ilitoa matokeo ya kusitasita. Vyote pamoja vilisogeza, na kwa kiasi kikubwa kuliko kujumlisha kimoja na kingine.

Chumba cha walimu tulibishana sana juu ya hilo. Mwenzangu mmoja alikasirika, akasema tumeitwa wavivu tusiofundisha mpaka tulipwe. Namwelewa. Fedha ina nguvu, sitajifanya malaika. Ila mimi naona pia hili: mwisho wa mwaka kuna mtu alikuwa anakuja kumwomba mtoto asome, na mwalimu alijua kwamba atakuja. Kwenye shule zilizopata ruzuku tupu, nadhani vitabu vilinunuliwa na risiti zikahifadhiwa. Risiti ndizo zilizokaguliwa. Ukaguzi wa namna hiyo nimeuona katika maisha yangu yote ya kazi: mgeni anashuka kwenye gari, anaomba faili, anasaini kitabu cha wageni, anakunywa soda, anaondoka. Mtoto hakuulizwa kitu.

Uongozi wetu wa kawaida una tabia hiyohiyo. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, wakati shule za Ihungo na Nyakato zilipoharibika kiasi cha kufungwa kwa muda, huku mitaani walipita watu wa kila namna wakiandika nyufa. Ihungo ilijengwa upya, na inapendeza. Lakini jirani yangu aliandikwa na makundi tofauti, wengine wakipiga picha ukuta uleule, na hakuna aliyerejea hata kumwambia kwamba hatapata kitu. Alingoja kwa sababu aliulizwa. Angekuwa hajaulizwa angeuziba ufa wake mapema. Sidhani viongozi wetu wanaelewa kwamba swali ni ahadi. Mtu akishajibu, anaanza kuhesabu siku.

Na hapa watafiti nao hawajasalimika. Zile kaya 915 zilirudiwa, lakini zilirudiwa kuulizwa. Matokeo yalikwenda kwenye majarida ya Kiingereza, mengine yanasomwa kwa malipo ambayo mwalimu hayawezi. Ni ugonjwa wa zamani. Göran Hydén, msomi wa Sweden, alifanya utafiti wake wa siasa na TANU huku Buhaya miaka ya 1960, akachapisha kitabu mwaka 1968 kiitwacho TANU Yajenga Nchi. Jina lake kuu ni la Kiswahili. Ukikifungua, ndani ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Wazee waliomweleza mambo yale walikufa wakiwa na sehemu moja tu ya kitabu wanayoweza kuisoma.

Mfano wa kinyume upo Katuruka, Bukoba Vijijini. Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, alichimba pale tangu 1969, akafuata simulizi za wazee mpaka kwenye mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Kazi yake iliyofuata, Kemondo, akiwa na Donald Avery, ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978 na kuonyesha ufundi wa tanuri za Wahaya ambao Wazungu wengi hawakutegemea kuuona Afrika. Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana. Mimi napenda zaidi iliyofuata miaka takribani arobaini baadaye, wanakijiji wa Katuruka walipoanza wenyewe kukusanya masimulizi ya wazee waliobaki na kupafufua mahali pao pa kumbukumbu. Schmidt alirudi, sasa akiwa mwenzao katika kazi ambayo wao ndio walioianza. Ameandika juu ya hilo kitabu, kilichotoka 2017. Safari hii aliyehojiwa alikuwa ameshika kalamu.

Basi nami nimeweka sharti. Mwanafunzi akitaka nimsindikize, namwambia: sawa mwanangu, lakini matokeo utakuja kuyasoma kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, kabla hujayafunga. Wengine hukubali na kupotea. Wengine wamekuja. Na kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kuwa na kampasi mkoani kwetu, visingizio vya umbali vitapungua.

Aliyekuja karibuni alikuwa amechunguza kwa nini wazazi hawaendi kwenye vikao vya shule. Alibandika karatasi ya manila kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, akasoma vizuri, sauti inatetemeka kidogo. Alipofika kwenye sababu kubwa, akataja "mwamko mdogo wa wazazi kuhusu elimu." Hiyo unaikuta katika tasnifu kumi kwa kumi. Watu wakanyamaza, kisha mama mmoja anayeuza ndizi akasimama na kuuliza nani aliyesema hivyo. Binti akasema ni majibu yao wenyewe, yamejumlishwa. Mama akasema: "Sisi tuliwekewa majibu manne, mwanangu, hilo likiwa la kwanza. Kikao kinaitwa saa nne asubuhi, siku ya gulio. Ungeniuliza saa ngapi naweza kuja, ningekwambia." Mzee mmoja akadakia kwamba yeye aliacha kwenda tangu alipogundua agenda huwa ni moja. Mwingine akasema hapana, mwamko kweli ni mdogo, akamtaja jirani yake hadharani, na mkutano ukaelekea kuharibika. Mwenyekiti alitaka kuingia kwenye agenda ya maji, hawakumruhusu.

Binti aliandika kila kitu. Msimamizi wake alimwambia ukusanyaji wa takwimu ulikwisha, hivyo maneno ya mkutano ule yakaingia kwenye kiambatisho. Lakini mwalimu mkuu wa shule inayohusika alikuwa amekaa nyuma ya mkutano, kwenye benchi la wanaume, na kikao kilichofuata alikiita Jumapili alasiri. Watu walijaa mpaka wakasimama madirishani. Waliuliza kwa nini watoto wa darasa la tatu hawasomi, wakauliza ruzuku inaingia lini na inanunua nini, wakataka wasomewe. Mchango wa uji, ambao ndio uliokuwa sababu ya kikao, ulipigiwa kura ukakataliwa. Mwalimu mkuu alinipigia simu usiku ule. Alikuwa na hasira. Alitaka kujua kikao kijacho akiite tena Jumapili au arudi saa nne asubuhi, na tulibishana mpaka salio langu likaisha.